Gari la Mjomba Lisilosimama

Jumatatu, tarehe 4 mwezi wa nane, 2025

Gari linalia. Si mlio wa kawaida. Ule wa kawaida naujua: mlango wa nyuma, kiti cha mbele, na kitu fulani chini ambacho sijawahi kukiuliza jina. Huu ni mpya. Nikikanyaga breki, chuma kinapiga kelele mpaka mbuzi wa jirani wanaitikia.

Nimelipeleka kwa Mardochée, fundi wangu wa miaka kumi na tano, mtu ambaye hajawahi kunipa habari njema hata kwa bahati mbaya. Akafungua gurudumu. Akachungulia. Akaguna. Plaketi zimekwisha, vile vipande vinavyobana diski ili gari lisimame. Vimebaki vyuma vitupu. Papa Bakari, akasema, freni iko zero. Kisha akaongeza, bila kuulizwa, kwamba breki ya mkono nayo ilikufa tangu wakati wa uchaguzi. Asante sana, Mardochée!

Nikaenda sokoni kwa Kassim muuza vipuri. Plaketi nne za mbele: dola themanini. Nikacheka. Yeye hakucheka. Mwaka jana zilikuwa thelathini! Akanieleza kwa upole wa mtu anayejua kwamba huna pa kwenda: tangu Goma ifungwe, mzigo hauji tena kwa ndege. Unazunguka Lubumbashi, unapanda treni, treni inalala njiani, inaamka siku inayotaka. Kwa kifupi, vita viko Goma, bei iko kwangu. Sina ugomvi na mtu yeyote mwenye silaha. Hata hivyo wamenifikia mpaka kwenye gurudumu la mbele.

Na wakati wenyewe sasa! Jumamosi ya tarehe 16 Malaika anaolewa, mtoto wa pekee wa yaya Mwavita, dada yangu mkubwa. Baba yake alikwisha kufariki. Mjomba ni mimi. Ni mimi nitakayemvusha Lualaba na kumkabidhi kwa wakwe zake kule Alunguli, kwa gari langu na si la mtu mwingine.

Jumanne, tarehe 5

Mtu mwingine amejitokeza. Franck!

Franck ni jirani yetu mwenye gari jeupe. Analiosha kila Ijumaa mbele ya nyumba, polepole, mpaka ahakikishe mtaa mzima umeona. Leo asubuhi amekwenda kwa yaya Mwavita kutoa gari lake kwa ajili ya arusi. Bure. Na klima ndani, ile mashine ya hewa baridi! Eti moyo unamuuma kwa usalama wa bibi arusi. Moyo umuume kwa lipi? Si wa ukoo, si shemeji, hata shati hatujawahi kuazimana.

Yaya akaja kwangu moja kwa moja. Hakukaa. Akauliza kama gari langu linasimama. Nikakasirika, kama mtu yeyote mwenye hatia anavyokasirika. Akafungua fundo la kitenge chake, akatoa dola themanini, fedha ya mpunga wake wa msimu mzima. Akaniambia ninunue plaketi mpya, leo, zikiwa ndani ya kartoni yake. Akasema yeye ana mtoto mmoja tu.

Nikaapa. Mimi si jiwe.

Alhamisi, tarehe 7

Nilikuwa njiani kwenda kwa Kassim. Naandika hili wazi, ili ijulikane kwamba nia ilikuwepo.

Lakini njia ya kwenda kwa Kassim inapita kwa muuza nguo. Na pale mlangoni ilining'inia kostimu, suti ya koti na suruali. Ya buluu. Vifungo sita! Nikaijaribu kwa ajili ya adabu tu. Muuzaji akaniambia mabega yangu yanaihurumia kostimu. Sikuelewa maana yake, ila nilijiona mtu mkubwa.

Nikafikiri kwa makini sana. Nani ataona plaketi? Hakuna. Ziko ndani ya gurudumu, gizani, zinakula vumbi. Nani ataona kostimu? Alunguli nzima. Mjomba aliyevaa shati la kazi ni aibu kwa yaya Mwavita. Kwa hiyo, ukitazama vizuri, fedha ya yaya imefanya kazi ya yaya. Nimepatana mpaka sabini na nane. Mbili zilizobaki nimenunulia tai.

Tena, plaketi zenyewe najua kuzitengeneza! Watu wamesahau upesi. Mwaka 2001 treni haikuja, boti haikuja, hakuna kipuri hata cha baiskeli kilichoingia Kindu. Nilikuwa naendesha lori la mpunga. Tulifanyaje? Tulichonga. Tulishona. Ngozi, mpira, mti, chochote. Lori lilitembea vita nzima. Kassim wakati ule alikuwa anauza sabuni ya mawese kwa vipande. Leo ananifundisha bei ya plaketi!

Jumamosi, tarehe 9

Jaribio la kwanza: nyayo za kandambili za tairi. Nimezikata vizuri, nimezigandisha kwa gundi juu ya vyuma vya plaketi za zamani. Kazi safi. Gharama: kandambili zangu, pamoja na moja ya Hawa, mke wangu, ambayo bado anaitafuta.

Nikatoka kujaribu. Mara ya kwanza, likasimama! Mara ya pili, likasimama huku linafikiri. Mara ya tatu ilikuwa mbele ya soko, na moshi ulishakuwa mzito kiasi cha watu kuniita kwa majina ya ndugu zao. Nilisimamishwa na meza ya mama mmoja anayeuza mawese. Mabidoni matatu, madumu mazima, yakapinduka. Barabara ikawa nyekundu. Yule mama alinitukana kwa Kiswahili, kwa Kilega, na alipochoka akanitukana kwa kunyamaza.

Franck alipita pale pale. Bila shaka. Akateremsha kioo, hewa baridi ikatoka, akauliza kama nahitaji msaada. Nikamjibu kwamba nafanya jaribio. Akasema anaona. Sijui kwa nini watu wenye klima wanapenda kuuliza maswali.

Mawese nimeyalipa kwa saa yangu ya mkononi.

Jumanne, tarehe 12

Mti! Nilikosea kuanzia kwenye mpira. Mti mgumu, uliokauka, unaokataa msumari. Nimechonga plaketi nne kwa siku mbili. Nzuri mno. Ukiziona utataka kuziweka kabatini.

Mardochée amekataa kuzifunga. Akasema yeye ana watoto. Nikamwambia mimi pia nina mpwa. Akaniambia njo maana, yaani ndiyo sababu hasa. Fundi gani anamjibu mteja hivyo? Nimezifunga mwenyewe nyuma ya nyumba, kwa nyundo.

Hawa akanikuta. Nikamweleza habari za lori la mpunga la wakati wa vita, na plaketi zake za mti. Hawa ana tabia mbaya ya kukumbuka vitu. Akasema analikumbuka sana lile lori, kwa sababu liliingia sebuleni kwa watu wakiwa wanakula. Nikamkumbusha kwamba hakuna aliyeumia. Akanikumbusha kwamba ilikuwa mara mbili, na nyumba ile ile.

Kisha akaona kostimu. Sitaandika yaliyofuata.

Ijumaa, tarehe 15

Malaika amekuja kuniaga kabla ya kesho. Mikono yake imepakwa hina mpaka kwenye viwiko. Amekaa kwenye kiti kidogo jikoni kwetu, kama alivyokuwa akikaa akiwa na miaka sita.

Akaniuliza moja kwa moja: Mujomba, gari iko na freni?

Nilimtazama. Huyu mtoto alizaliwa katikati ya vita. Siku tulipoukimbia mji alikuwa na miezi kumi, nikamfunga kifuani, nikapanda baiskeli, yaya nyuma na sufuria. Tulikwenda mpaka Tunda. Siku saba. Malaika hakulia hata mara moja, na mimi nililia kila siku, ila kwa siri, ili wanawake wasipoteze moyo. Sijawahi kumpenda mtu hivyo. Nampenda mpaka leo, na naogopa kesho, si kwa ajili ya gari, bali kwa sababu jioni atakuwa wa nyumba nyingine.

Ilikuwa saa ya kusema kweli. Nilifungua kinywa. Nikasikia sauti yangu ikisema kwamba breki ni mpya kabisa, zimetoka kwenye kartoni.

Akanishukuru! Akasema alijua tu, Franck ni mwenye maneno mengi. Akaenda. Nimekaa na kostimu mapajani kwa muda mrefu. Ni kostimu nzuri.

Jumapili, tarehe 17

Naandika polepole. Vidole vyote viko. Naanza mwanzo.

Asubuhi mti ulifanya kazi. Nilisimama mbele ya mlango wa yaya kwa heshima zote. Malaika akaingia nyuma, shela mpaka miguuni, Hawa akakaa mbele pamoja nami. Mota niliiacha ikiguruma, kwa sababu ikizimika haiwaki tena bila kusukumwa na watu sita, na siku ya arusi haifai. Tulipofika karibu na mto, gari likaanza kunuka mkate unaoungua. Nikakanyaga. Mguu ukazama mpaka chini, bila upinzani wowote. Plaketi zangu nzuri zilikuwa zimekwisha kuwa majivu.

Nilikuwa nimejiandaa! Kiangazi hiki Lualaba imepungua, na mteremko wa kushuka kwenye kivuko umekuwa mrefu na mkali. Kwa hiyo nilikuwa nimefunga kamba nene nyuma ya gari, na wapwa wangu wanane, timu nzima ya mpira kasoro watatu, waliokuwa wananingoja juu ya mteremko, wakaishika na kuniteremsha hatua kwa hatua huku wameegemea nyuma.

Watu wa kando ya mto wakaona nini? Ukoo unaokataa kumwachia binti yao! Vigelegele! Kina mama wakaanza kulia. Mmoja akaja kunibandika noti kwenye paji la uso. Wakasema tangu wazaliwe hawajaona familia inayompenda bibi arusi namna hii, mpaka kumvuta kwa kamba. Franck alikuwa nyuma na gari lake jeupe. Hakuna aliyelitazama.

Kivukoni tuliweka mawe kwenye magurudumu. Hawa akaniuliza, kwa sauti ya chini sana, kamba ilikuwa ya nini. Nikamjibu kwamba ni mila. Akauliza ya kabila gani. Nikajifanya natazama maji.

Shida moja tu: wapwa wangu walibaki ng'ambo. Kivuko kilijaa, na kamba walibaki nayo. Sikujali. Upande wa Alunguli ni kupanda, na kupanda hakuhitaji breki.

Tatizo ni kwamba baada ya kupanda, kuna barabara tambarare, na mwisho wa barabara kuna wakwe.

Shangazi za bwana arusi walikuwa wamekinga kitenge katikati ya njia, wamekishika huku na huku, kama ilivyo desturi. Gari linasimama, mjomba anakaa kimya na uso mzito, wanamsihi, anafungua mlango. Nilikuwa nimeufanyia mazoezi huo uso mzito. Nikakanyaga. Hakuna kitu. Kitenge kikaja kwenye kioo, shangazi wakaruka pembeni, tukapita mbele ya nyumba, mbele ya viti, mbele ya shehe, mbele ya sufuria za wali, tukaenda zetu.

Gia ya kwanza hairudi tangu mwaka jana. Nilikuwa kwenye ya pili, iliyokwama tangu tulipopanda, mwendo wa mtu anayekimbilia mvua. Kuzima mota? Nimsukumishe mkwe gari siku ya arusi yake? Nikazunguka mtaa.

Tuliporudi mara ya pili, mkutano ulikuwa umekwisha fanyika. Shangazi mkubwa alikuwa anapiga kelele: Mujomba anakataa! Hatukumuheshimu mujomba! Kumbe kwa wale watu, mjomba akipita bila kusimama, maana yake hajaridhika na mahari. Wakatoa mbuzi. Wakamwinua juu ili nimwone. Nikamwona. Nikapita.

Mara ya tatu vitenge vilirushwa dirishani, vipande kwa vipande, kisha kuku wawili, wakamwangukia Hawa. Bwana arusi mwenyewe, Abedi, kijana mzuri sana, alikuwa anakimbia ubavuni mwa gari na viatu vyake vya kung'aa, jasho linamtoka, akinisihi nisamehe, niseme tu bei. Nilitaka kumwambia. Lakini mtu anaanzia wapi? Nikainua mkono kwa heshima, kama mtu anayeendelea kufikiri. Kostimu ilisaidia sana.

Sasa Malaika akasogea, akaniambia sikioni, bila hasira: Mujomba, haiko na freni.

Nikasema ndiyo.

Kisha akanyoosha kidole chenye hina. Mbele, kando ya njia, kuna mashine ya kukoboa mpunga, na mbele ya mashine kuna lundo la kapi, yale maganda makavu, refu kuliko mtu. Akasema: ile.

Nikageuza. Tukaingia. Mota ikafa. Kimya. Kila kitu kikawa cha kahawia.

Nililia, naandika hivyo kwa sababu hakuna atakayesoma. Malaika alikuwa anacheka na kulia pamoja, amenishika shingo kwa nyuma, na sikujua ni kipi kinaongoza. Nilimwomba msamaha. Akaniambia nifungue mlango kwanza.

Akatoka na kapi kichwani, kwenye shela, kwenye nyusi. Na hapo, vigelegele! Mzee mmoja wa kule akatangaza kwamba mjomba amemkabidhi binti juu ya mpunga, ili nyumba isikose chakula kamwe. Wakanibeba mabegani! Nilikula mapaja mawili ya kuku.

Yaya Mwavita alifika na kivuko cha pili. Akatazama magurudumu. Akatazama kostimu, kola mpaka vifungo sita. Akanipita, akaenda kumpangusa Malaika kapi. Ningependa anipige.

Jumatano, tarehe 20

Abedi amevuka kwa mtumbwi kuniletea mzigo uliofungwa kwa kitenge. Kutoka kwa Malaika.

Ni plaketi. Nne. Mpya, ndani ya kartoni. Amezinunua kwa Kassim kwa fedha aliyotuzwa siku ya arusi, na Kassim, mtu wa huruma, alikuwa amekwisha kuzipandisha mpaka tisini. Abedi akanipa maneno ya mke wake kama alivyoyapokea: mjomba aende kula wali kwao siku yoyote, ila asimame mlangoni.

Nimelia mbele ya mkwe. Nilidhani atanichukia yule mtoto. Badala yake ametoa fedha yake ya kwanza ya kuwa mke wa mtu, akaninunulia kitu ambacho mama yake alikwisha kukilipia. Sistahili. Nimeandika: sistahili.

Hawa akanipa kitambaa cha kujifutia. Akasema niende kwa Mardochée leo hii, kabla sijapata nafasi ya kufikiri.

Ijumaa, tarehe 22

Mardochée hakuwepo. Nikapata nafasi ya kufikiri.

Tangu arusi ile, familia mbili zimenijia. Zinataka gari la mjomba. Si la Franck! Franck anasimama mara ya kwanza anapoambiwa, na wakwe wanatoa kile walichopanga kutoa, basi. Mimi nimezunguka mara tatu, yaya amepata mbuzi, vitenge tisa na kuku wawili. Sasa nikifunga plaketi mpya, nitazungukaje? Nitasimama kwa makusudi halafu niondoke tena? Huo utakuwa udanganyifu.

Nimezirudisha kwa Kassim. Alinipa dola arobaini. Arobaini! Kwa kitu ambacho sikukitolea hata senti! Nilimwonea huruma, ila biashara ni biashara. Alinisindikiza mpaka barabarani, jambo ambalo hajawahi kufanya.

Halafu nikavuka, nikaenda kuonana na mama mwenye mashine ya mpunga. Jumamosi ijayo kuna arusi mtaa wa pili, nikamwambia nataka kapi, magunia hamsini, yamwagwe hatua ishirini baada ya nyumba ya wakwe. Aliniuliza mara mbili kama kweli nataka kuyalipia, maana yeye huwa anayatupa. Nikasema mimi si mtu wa kuomba. Dola thelathini na tano. Akazipokea kabla sijamaliza kutikisa kichwa.

Nikiwa bado pale, Malaika akapiga simu. Alitaka kujua kama plaketi zimefungwa, kwa sababu Jumamosi hiyo hiyo na yeye amealikwa, na angependa nimpitie njiani, akae nyuma na bibi arusi. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, safari hii gari litasimama pale pale ninapotaka.

Sikumdanganya. Nataka lisimame kwenye kapi.